Maharagi Mia na Sita

Sehemu ya saba

Juma lililopita tulimwacha Masera Joséphine-Marie na mkono ndani ya chungu cha pili. Si vizuri kumwacha mtu wa makamo hivyo siku saba nzima. Basi autoe.

Aliutoa, akakiinamisha chungu, maharagi yakamwagika juu ya meza ya darasa. Akayahesabu kama mama wa soko, mawili mawili, kwa ncha ya kidole, bila haraka. Mwisho likabaki moja lisilo na mwenzake.

Chungu cha Céline alikuwa ameshakihesabu: thelathini na tano. Hiki cha Verdiane kilikuwa na sabini na moja. Akaandika ubaoni, akajumlisha, akarudi nyuma hatua moja.

"Mia na sita," alisema. "Na ninyi ni wangapi?"

Hata yule anayelala kila somo la hesabu alijua. Walikuwa sabini na mmoja. Na kila mmoja alikuwa na haki ya haragi moja.

Kwa msomaji aliyenunua gazeti leo mara ya kwanza, mambo ni haya. Ni mwaka 1966, kwenye shule ya ualimu ya wasichana, juu ya kilima kimoja cha Masisi. Miaka yote ni masera, watawa wenye shule, ndio waliokuwa wanamteua prezidenti wa Umoja wa Wanafunzi. Mwaka huu wasichana waliomba wachague wenyewe, na Masera akakubali kwa shingo upande. Vyungu viwili viliwekwa nyuma ya pazia, kimoja cha Verdiane, kimoja cha Céline. Mlangoni kulikuwa na gunia la maharagi. Unachukua moja, unaingia, unaliangusha unakotaka, unatoka.

Na aliyelilinda gunia lile tangu Jumanne ni Dorothée, msichana wa Pinga, kule Walikale, aliyemfanyia Verdiane propagande yote, kumtafutia kura kwa kila mtu, tangu siku ya kwanza.

Macho yote yakamgeukia.

Pétronille, aliyekaa mlangoni kwa upande wa Céline, aliulizwa kama kuna msichana aliyeingia na maharagi mawili. Akasema yeye aliona mikono ikiingia guniani na kutoka, ndani ya ngumi hakuona. Lakini gunia, akasema, lililala kwa Dorothée, chini ya kitanda chake, usiku kucha.

Maneno hayo yalitosha. Masera alisema thelathini na tano yamezidi, na maharagi hayana miguu. Kama kuna aliyeyatia aseme sasa. Akangoja. Mvua ilikuwa inapiga mabati, na katika kelele ile wasichana sabini waliangalia vidole vyao vya miguu kama vimeandikwa kitu.

Dorothée alimwangalia Verdiane. Verdiane aliangalia dirisha.

"Basi," Masera alisema. "Kamio ya Papa Hubert ya kubeba kahawa inashuka Ijumaa kwenda Kitshanga. Mpaka hapo mwenye kosa awe amesema. Asiposema, Dorothée atapanda na sanduku lake, na barua ya kumpa baba yake."

Ilikuwa Jumatano.

Kutoka Kitshanga hadi Pinga ni kwa miguu, siku tatu ukiwa na bahati na mito. Njia hiyo Dorothée aliijua, alikuwa ameipita mara moja tu, akija. Baba yake ni mkatekista. Siku ile alipoondoka watu walimsindikiza mpaka mtoni, maana hakuna msichana wa kwao aliyewahi kwenda kusomea ualimu. Walimwimbia. Mzee mmoja alimwambia asirudi bila chaki. Sasa angerudi na barua.

Usiku ule hakulala dortwari, bwenini na wenzake. Alipelekwa chumba cha wagonjwa, na siku ile hakukuwa na mgonjwa. Vitanda vinne, yeye mmoja.

Tumrudishe msomaji nyuma kidogo, aone jinsi alivyoingia katika shimo hili.

Mwezi mmoja kabla, Verdiane alimfuata kwenye kuni. Dorothée alikuwa peke yake, kama siku zote. Katika shule ile kila msichana alikuwa na kilima chake: wa kilima hiki wanakaa pamoja kwenye meza, wa kilima kile wanasukana nywele pamoja. Wa Pinga alikuwa mmoja. Miaka miwili alikuwa anajisuka mwenyewe, na nyuma ya kichwa ilikuwa inaonekana.

Verdiane akamwambia anataka kusimama, na anataka yeye Dorothée amtafutie kura.

"Mimi?" Dorothée aliuliza. "Mimi sijuane na muntu hapa."

"Hiyo njo sababu," Verdiane alisema. "Nikimutuma binamu yangu, batasema anatafutia ukoo wake. Weye hauna shangazi hapa, hauna kilima. Hauna mwenye unamuchukia. Batakusikiliza."

Akatoa kitana kwenye mfuko wake, akamkalisha juu ya mzigo wa kuni, akamsuka. Jua lilikuwa kichwani walipoanza, lilikuwa limeshuka walipomaliza. Mtu ambaye hajashikwa kichwa miaka miwili unaweza kumpata kwa bei ndogo kuliko hiyo.

Basi Dorothée akafanya kazi. Alijifunza salamu za Kihunde na za Kinyarwanda, akazitamka vibaya, wakacheka, na aliyecheka alikuwa tayari kusikiliza. Alibeba kuni za wagonjwa. Aliosha sufuria zisizokuwa zamu yake. Na kila mahali alirudia jambo moja: Verdiane akichaguliwa, ataomba wamama waruhusiwe kuingia uani kila Jumapili, si Jumapili ya kwanza ya mwezi tu. Maana siku nyingine mama anasimama nje ya ua wa miti, anapitisha viazi vitamu katikati ya matawi kama anayemlisha mbuzi wa jirani.

Céline yeye aliahidi sukari kwenye uji. Usicheke, sukari ilikuwa na watu wengi.

Céline alikuwa msichana mrefu mwenye ulimi mkali. Siku moja alimsimamisha Dorothée kwenye njia ya kisima. "Weye unapigania mama za bantu," akamwambia. "Na mama yako, ataingia kwa mulango gani?" Wasichana wa sukari wakacheka. Dorothée akacheka nao, akajitwika ndoo, akaenda. Njiani maji yalimmwagikia usoni, na hilo lilimfaa.

Hapo ndipo tulipo. Sasa Alhamisi.

Asubuhi alimkuta Verdiane kijitoni anafua. Alimwambia yote kwa ufupi: Verdiane ni mtu mkubwa hapa, akisema tu kwamba Dorothée hawezi kuiba, nusu ya shule itasema hivyo. Verdiane alikamua nguo moja mara tatu. Akasema tutaona. Akasema mambo haya hayataki haraka. Kisha akaichukua beseni yake, nguo nusu hazijasuuzwa, akapanda kilima.

Msomaji, mtu akiacha nguo zina sabuni, ujue anakimbia kitu.

Mchana Dorothée aliwekwa nyuma ya jiko kumenya mihogo, karibu na ua. Ilikuwa siku ya soko, na kina mama walikuwa wanapita njiani na vikapu mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Mmoja akasimama. Akainama, akachungulia katikati ya matawi.

"Weye njo Dorothée wa Pinga?"

"Njo mimi, Mama."

"Mimi mama ya Verdiane. Muite kidogo."

Dorothée akasema Verdiane yuko darasani, na yeye mwenyewe haruhusiwi kutoka hapo. Yule mama hakuuliza kwa nini. Akatua kikapu, akatoa vifurushi viwili vya majani ya mgomba, vya ukubwa mmoja, vimefungwa kwa namna moja. Viazi vitamu, bado vya moto. Akavipitisha kimoja kimoja.

"Hii ya Verdiane," akasema. "Hii ya Emérita."

Dorothée aliwapitisha kichwani wasichana wote sabini. Aliwajua kwa majina, kwa vitanda, kwa vidonda vya miguu, ndiyo iliyokuwa kazi yake mwezi mzima. Emérita hakuwamo.

"Emérita ni nani, Mama?"

Mama alimwangalia kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa jua ni nini.

"Pacha yake. Hakukuambia?"

"Anakaa wapi?"

"Nyuma ya nyumba, chini ya migomba. Alikaa na siye miezi mitatu tu." Alisema hivyo bila kupunguza sauti, kama anayetaja mtoto aliyelala. "Lakini pacha haachake kuwa pacha. Ukimupa huyu, unamupa na yule. Ukimunyima yule, huyu mwenye kubakia anakauka. Huku bantu bote banajua. Hata batoto."

Kisu kilisimama kwenye mhogo.

Kule Pinga pia mapacha hupewa hivyo, Dorothée alijua hilo tangu utotoni. Ila hakuna aliyewahi kumwambia kwamba Verdiane alizaliwa wawili. Sasa aliona. Wasichana walimpa Verdiane mapera mawili, kamwe si moja. Mahindi mawili. Hata sindano, mbili. Na yeye Dorothée alifikiri ni matunda ya propagande yake, akafurahi sana.

Thelathini na tano waliompenda Verdiane walimpa haragi, na Emérita wakampa lake. Verdiane mwenyewe alikuwa mmoja wao, akafanya kama alivyofanya maisha yake yote. Hiyo ni sabini. Na moja lile la mwisho, lililobaki mezani bila mwenzake, lilikuwa la Dorothée. Kati ya wote waliompenda Verdiane, yeye peke yake ndiye ambaye hakuambiwa.

Na bila yeye, watu wangelingana, thelathini na tano kila upande. Ona mambo hayo.

Alimweleza yule mama kila kitu, akamsihi aende kwa Masera sasa hivi, aseme maneno hayo hayo, dakika mbili tu. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatikisa kichwa.

Alisema mwaka uliopita msichana mmoja alifukuzwa kwa kamba aliyofungwa na bibi yake kiunoni. Masera waliiita ushenzi, wakaichoma mbele ya watu. Wakisikia kwamba Verdiane bado anamlisha dada yake, atafuata njia hiyo hiyo, na wale thelathini na wanne pamoja naye. Lakini hata hilo si kubwa, akasema.

"Jina yake haijasemwa kwa mahali bantu banaweza kuicheka. Mimi sitaanza."

Njiani kina mama wengine walipita, wakasalimia, wakaitikiwa.

"Weye unaletewaka chakula na nani?" mama aliuliza.

"Kwetu ni mbali, Mama."

Mama alifikiri. Akaupitisha mkono wake katikati ya matawi, akagusa kile kifurushi cha pili.

"Leo ya Emérita kula weye. Mimi njo mama yake, mimi njo natoa."

Dorothée alikula pale pale, amechuchumaa, akimaliza kiazi kimoja akichukua kingine, na yule mama alisimama nje ya ua akimwangalia mpaka alipolamba vidole. Miaka miwili hakuna mtu aliyewahi kumwangalia akila. Mama alipokibeba kikapu chake na kwenda, Dorothée alijua kwamba mdomo uliokula sehemu ile hauwezi tena kulipeleka lile jina kwa Masera.

Sasa jiulize, msomaji. Akisema, amepona, na wenzake wamekwisha. Asiposema, kesho kamio.

Ijumaa ilipambazuka bila mvua. Papa Hubert alifika mapema, akapakia magunia ya kahawa, akauliza abiria yuko wapi. Sanduku la bati la Dorothée lilikuwa tayari mlangoni. Verdiane alitokea kwenye pembe ya nyumba, akaangalia nyuma, akaja haraka.

"Mama alirudi jana jioni kwa ua, akaniambia," alisema. "Ulisema?"

"Bado sijasema."

"Usiseme, Doro. Nakuomba." Alishika mkono wake kwa mikono yote miwili. "Mimi wakinifukuza, nitapita kwa soko gani? Kilima chote kitanionyesha kidole. Weye unatoka mbali. Ukifika kwenu hakuna mwenye anajua mambo ya huku. Utasahau. Na siye tutasahau."

Dorothée alingoja kama kuna neno lingine litafuata. Halikufuata.

"Mwenzangu," akasema, "mimi sitasahau. Mimi sina kingine cha kukumbuka."

Akautoa mkono wake taratibu. Akaenda moja kwa moja mpaka biro, ofisi ya Masera, akabisha, akaingia, akafunga mlango. Verdiane alimwona. Na wengine wengi waliokuwa wanafagia uwanja walimwona.

Alichosema ndani tutakisema hapa, maana kina uzito mbele. Hakutaja pacha. Hakutaja mtu. Alimwambia Masera kwamba kwenda atakwenda, lakini kwanza uchaguzi urudiwe, na Masera mwenyewe atoe maharagi kwa mkono wake, moja moja, na kila mtu akunje mikono ya gauni na kuonyesha viganja. Yeye Dorothée apige kura ya kwanza mbele ya watu wote, kisha akakae kwenye kamio. Kama yatazidi tena naye yuko juu ya magunia, si yeye.

Masera alimwangalia kupitia juu ya miwani. Alikuwa mkali, lakini hesabu alizipenda kuliko ukali. Alipiga kengele.

Gunia la zamani alilikataa. Alikwenda jikoni, akatoa beseni ya maharagi yaliyolowekwa tangu usiku kwa chakula cha mchana, laini, yamevimba. Akawapanga wasichana uwanjani. Mikono ikakunjwa, viganja vikaonyeshwa.

Dorothée akaitwa wa kwanza. Pazia lilikuwa halijafungwa, wote walimwona. Alipokea haragi lake, akasimama mbele ya chungu cha Verdiane. Kama moyo wake ulitaka kuondoka, ndiyo ilikuwa nafasi. Aliliangusha mle, zima, likalia kidogo chini ya chungu kitupu. Kisha akaenda akakaa juu ya kahawa.

Kutoka juu kule aliona mstari wote. Wanaingia, wanatoka. Aliona jambo moja la ajabu: wengi walitoka nyuma ya pazia wakifuta midomo.

Ilipokwisha, Masera alimwaga chungu cha Céline. Thelathini na tano, mazima, mazuri. Akavuta pumzi. Akamwaga cha Verdiane.

Aliinama, akachukua kimoja, akakigeuza kwenye mwanga. Ilikuwa nusu haragi. Akachukua kingine. Nusu. Meza yote ilikuwa nusu, nyeupe upande mmoja, nyekundu upande mwingine, nyingine zina alama ya jino. Haragi lililolowekwa ni rahisi, ukilibana kidogo linafunguka lenyewe kama mlango, upande huu na upande ule. Waliponyimwa la pili, wakalipasua la kwanza.

Nusu sabini. Na katikati yake, moja zima.

Papa Hubert, aliyekuwa amesogea kuangalia, alijikohoza, akarudi kwenye kamio yake.

Masera aliuliza nani amewafundisha hivi. Aliuliza kwa Kiswahili, akauliza kwa Kifaransa. Akasema hii si hesabu, hii ni ibada, na yeye anataka kujua ni ibada ya nini. Aliyeanzisha aseme, la sivyo mwenye chungu ndiye atakayepanda kamio, maana chungu ni chake.

Wote walimwangalia Verdiane. Mkono wake ukainuka, na kidole kikaelekea juu ya magunia.

"Ni Dorothée," alisema. "Njo desturi ya kwao, ya Pinga. Yeye njo alitufundisha."

Mtu akikuchapa kofi, damu inakwenda usoni. Dorothée alisikia yake ikishuka, mpaka miguuni, mpaka kwenye kahawa. Alingoja mmoja kati ya wale thelathini na wanne akatae. Aliwabebea kuni. Alijua nani anaota kwa sauti na nani anaficha barua chini ya godoro. Wakaangalia vidole vyao vya miguu.

"Ni kweli?" Masera alimuuliza.

Kabla hajajibu, kwenye mstari wa sukari mtu alicheka, cheko fupi lisilo na furaha. Alikuwa Céline.

"Masera, samahani," alisema. "Kama ni ya kwao, mbona yake njo peke yake iko nzima? Wote tulimuona akiiweka. Na weye ulimuona."

Céline alikuwa mtoto wa milima ile ile, alijua habari ya mapacha kama anavyojua jina lake. Angeweza kuisema yote na kuupata uprezidenti pale pale. Hakuisema. Alirudi mstarini, akakunja mikono.

Masera alilichukua lile haragi zima, akaliweka kwenye kiganja. Akamwamuru Dorothée ashuke. Akamuuliza, polepole, kama anajua kwa nini wenzake walipasua.

Lile jina lilikuwa karibu kabisa, na lilikuwa na ladha ya viazi vitamu.

"Mimi niko mugeni hapa, Masera," Dorothée alisema. "Mambo ya huku hawaniambiake."

Ulikuwa uongo, na kila neno lake lilikuwa kweli.

Masera akakifumba kiganja juu ya lile haragi. Kisha akamwambia Papa Hubert ashushe sanduku. Sanduku likashushwa, likawekwa kwenye majani. Dorothée amebaki. Alichokipigania siku tatu amekipata.

Laiti Masera angeishia hapo.

"Uchaguzi umefutwa," alisema. "Mumetaka kuchagua wenyewe, nimeona mnavyochagua. Ninyi wote mnafichana. Kila mmoja ana shangazi kwenye ukoo wa mwenzake. Hapa ni msichana mmoja tu aliyepewa haragi moja akatoa moja, na ni yeye tu asiye na ndugu wa kumficha. Kuanzia leo prezidenti ni Dorothée. Nimemteua mimi."

Hakuna aliyepiga makofi.

Ndicho kitu ambacho wasichana wale walikikataa mwaka mzima, prezidenti wa masera. Sasa walikuwa naye, na ni mgeni, na asubuhi ile ile walimwona akiingia biro na kufunga mlango. Mstari ukavunjika. Walipita mmoja mmoja mbele yake kwenda darasani, na kila aliyepita alizunguka lile sanduku kwa mbali, kama lina ugonjwa. Céline naye alipita. Alitaka kusema kitu, akaangalia wenzake, akaenda.

Wa mwisho alikuwa Verdiane. Alisimama karibu kabisa, mahali ambapo Masera hangesikia. Macho yake yalikuwa mekundu, na ndani yake hamkuwa na haya tena, ilikuwa chuki safi ya mtu anayeamini ameonewa.

"Nilikuona ukiingia kwa biro," alisema. "Dada yangu hajasemwa jina yake mbele ya masera toka azikwe. Masera anajifanya hajui, lakini weye ulimuuza, juu ya kuitwa prezidenti."

"Verdiane, mimi sikumwambia—"

"Jumapili kuanzia saa ya misa, mama yangu atakuwa kwa ua. Nitamuambia mwenye alikula sehemu ya Emérita alifanya nini."

Akamgeuzia mgongo. Kamio ya Papa Hubert ikawaka, ikaanza kushuka kilima, nyuma kukiwa na nafasi tupu kati ya magunia, ya mtu mmoja na sanduku lake. Dorothée aliiangalia. Kona ya kwanza. Bado angeweza kuipigia kelele ikasimama. Kona ya pili, ya mwisho ambako sauti ingefika.

Akavuta pumzi.